Himalayan mpya au GS ya mtumba: shokapu kwanza, bei baadaye

SWALI

Habari za kazi, fundi. Naishi Kibada, Kigamboni, na kazini ni Posta. Nina urefu wa sentimita 168 na kilo 74. Nimeendesha Boxer, kisha XL 125 ya ofisi. Sasa nataka pikipiki ya safari zangu mwenyewe: Lushoto mpaka Mtae, Kibiti mpaka Mloka, na Kilwa, wakati mwingine nikiwa na mke wangu (kilo 62) pamoja na mabegi. Yadi moja imenipa bei ya Royal Enfield Himalayan 450 mpya, dola 7,500, halafu wakasema kwa mdomo kwamba hiyo ni bila VAT. Dalali naye ana BMW R 1200 GS ya 2015 yenye shokapu za umeme, anataka milioni 26, na anasema inapita kwenye matuta kama hayapo. Nichukue ipi? Hizo shokapu za umeme zina thamani hiyo? Na nitajuaje kama bei ya yadi ni ya haki?

JIBU

Ndugu yangu, kwa uzito wako na njia ulizotaja, chukua hiyo mpya. Ila usiichukue kwa bei waliyokutajia, na usitoe hata senti kabla hujakaa juu yake ukapima shokapu ya nyuma kwa futi kamba.

GS ni pikipiki nzuri, tusiidharau. Kwenye lami ya kwenda Kilwa, mama yuko nyuma na masanduku yamejaa, Himalayan haiigusi. Lakini R 1200 GS ya mwaka huo ina kilo zipatazo 238 na mafuta yake, na wewe umezoea XL 125. Ikilala kwenye mchanga wa njia ya Mloka, au kwenye udongo mwekundu wa Usambara ulionyeshewa, utaisubiri nguvu ya watu wa kijijini. Himalayan 450 nayo si nyepesi, kilo 196 si mchezo, lakini mtu mmoja anayejua kuinua pikipiki (mgongo kwenye siti, miguu ndiyo inayosukuma) anaisimamisha.

Sasa hizo shokapu za umeme. Kinachofanyika ni kwamba kompyuta inasoma vihisi vya kupanda na kushuka kwa magurudumu na kubadilisha, kupitia vali za umeme, jinsi mafuta yanavyopita ndani ya shokapu. Mota ndogo inakaza au kulegeza springi ya nyuma kulingana na mzigo uliouchagua kwenye kitufe: peke yako, na mizigo, au na abiria. Zikiwa nzima ni raha kweli, dalali hajadanganya. Tatizo linakuja zikichoka. Shokapu ya kawaida ikivuja, fundi anayejua kazi anaifungua, anabadilisha sili na mafuta, anaijaza gesi ya naitrojeni, maisha yanaendelea. Ya umeme, kihisi kikifa au mota ikikwama, kwanza unahitaji kifaa cha uchunguzi kinachoongea na pikipiki hiyo, halafu mara nyingi unaagiza shokapu nzima kutoka nje. Pikipiki ya 2015 imeshapita umri ambao vitu hivyo huanza kugoma.

Ukishindwa kujizuia ukaenda kuiona, fanya hivi. Iwe imesimama, injini inaunguruma, chagua mzigo wa mtu mmoja, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi sehemu ya mkia iliyo juu yake moja kwa moja. Kisha chagua abiria na mizigo, subiri mota imalize kazi, upime tena. Namba isipobadilika, mota au waya umekufa, na hapo unanunua GS yenye shokapu mbovu kwa bei ya GS nzima. Usikubali maneno ya "ni setingi tu hiyo". Uliza pia kuhusu mirija ya mbele: mwaka 2017 BMW ilifanya kampeni ya kukagua mirija ya foku za R 1200 GS zilizotengenezwa kati ya Novemba 2013 na Juni 2017, kwa sababu kifuniko cha juu kingeweza kulegea kwenye mrija. Ya 2015 imo katikati kabisa. Muuzaji asiyejua kama kazi hiyo ilifanyika hana historia ya pikipiki anayokuuzia.

Turudi kwenye Himalayan, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza raha waliyoilipia. Ina mwendo wa shokapu wa milimita 200 mbele na 200 nyuma, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Foku yake ya Showa ya milimita 43 haina marekebisho yoyote kwa nje. Nyuma unaweza kurekebisha prilodi tu, yaani kiasi ambacho springi inabanwa kabla ya kubeba mzigo. Kwa hiyo ugumu wa springi uliotoka nao kiwandani ndio utakaoishi nao, isipokuwa ukibadilisha springi yenyewe. Na hapa kuna uelewa mbaya uliozagaa hata kwa mafundi: kukaza prilodi hakufanyi springi iwe ngumu. Kunainua pikipiki, basi. Springi laini iliyokazwa mpaka mwisho bado ni laini, sasa iko juu tu, na ikitoka shimoni inarudi kwa nguvu na kugonga mwisho wa juu.

Kujua kama springi inakufaa, pima kuzama, yaani pikipiki inashuka kiasi gani kwa uzito ulio juu yake. Unahitaji futi kamba, msaidizi mmoja, na kipande cha tepu ya kubandika mkiani wima juu ya ekseli. Inua nyuma mpaka gurudumu lining'inie (stendi kubwa inatosha kama gurudumu haligusi chini kabisa), pima ekseli hadi tepu. Tuseme umepata 580. Shusha chini, isimame yenyewe bila mtu, ibonyeze mara mbili tatu kisha iache, pima: tuseme 555. Panda na kofia, buti na begi unalosafiri nalo, simama kwenye vikanyagio kisha kaa taratibu, msaidizi apime: tuseme 515. Pikipiki peke yake imezama milimita 25, na pamoja nawe imezama 65. Kwa mwendo wa 200, unataka namba ya pili iwe kama theluthi moja, kati ya 60 na 66, na ile ya kwanza iwe kati ya 20 na 30. Hapo uko sawa.

Ukipata zaidi ya 66 nawe juu, kaza prilodi mpaka irudi humo, halafu rudia kipimo cha pikipiki peke yake. Hiki kipimo cha marudio ndicho kinachosema ukweli. Kama sasa peke yake inazama milimita 5 au haizami kabisa, springi ni laini kwako na umeikaza kupita kiasi ili kuficha udhaifu huo. Kama inazama 40 peke yake wakati nawe juu iko sawasawa, springi ni ngumu mno kwako, na kwenye kokoto itakurusha. Kwa kilo 74 peke yako sitegemei shida kubwa. Shida iko kwa kilo 62 za mama na kilo 20 za mabegi. Rudia kipimo mkiwa wote wawili na mizigo. Kama hata kwa prilodi ya mwisho mnazama 90 au 100, nusu ya mwendo imekwisha kabla hamjakutana na shimo la kwanza. Taa itamulika miti, usukani utakuwa mwepesi, na kwenye tuta refu shokapu itagonga mwisho. Hapo dawa ni springi ngumu zaidi ya nyuma, na ikibidi na za mbele, zinazoagizwa kwa uzito wa dereva, abiria na mizigo kwa pamoja. Wauzaji wa springi wanataka hizo kilo. Usiwapunguzie.

Uamuzi wa kuagiza unategemea ni mara ngapi mtasafiri wawili. Kama ni mara moja kwa mwaka, kaza prilodi siku hiyo, punguza mwendo, ukirudi ulegeze. Kama ni kila mwezi, nunua springi.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, ile ya kutoka Kibiti kwenda Mloka, ni mtihani wa kitu kingine: kasi ya shokapu kurudi juu baada ya kubanwa. Ikirudi taratibu mno, wimbi la pili linaikuta bado chini, la tatu linaikuta chini zaidi, na baada ya mita mia nyuma inakuwa ngumu kama haina shokapu. Kwa Himalayan huna skrubu ya kurekebisha hilo, ndiyo maana hali ya mafuta ya ndani na springi sahihi vina uzito. Yamaha Ténéré 700 inakuruhusu kurekebisha kubana na kurudi, mbele na nyuma, bila umeme wowote. Kama mfuko wako ungefika huko ningekuambia uifikirie, ingawa siti yake ya milimita 875 si rafiki wa sentimita 168. Honda CRF300L kwa upande wa pili ina mwendo wa milimita 260 na kilo 142 tu, tamu sana kwa Mtae, lakini springi zake zinajulikana kwa ulaini, tangi ni lita 7.8, na siti ni 880. Na kwa abiria hapana.

Kuhusu urefu wako: siti ya Himalayan 450 inakaa 825 au 845. Iweke 825. Ukiona bado unagusa kwa ncha za vidole, mpe fundi wa siti apunguze sponji ya mbele na pembeni. Asikushawishi mtu kufunga viungo vya kushusha nyuma. Vinakula nafasi ya chini ya injini, vinabadilisha jinsi shokapu inavyofanya kazi, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mpaka pikipiki inasimama wima na kuanguka upande wa pili.

Mafuta ya foku nayo yana uchawi wake hapa mjini. Ukipeleka pikipiki kwa fundi wa bodaboda kubadilisha sili, kuna uwezekano mkubwa atamimina oili ya injini, 20W-50 au 40, kwa sababu ndiyo iliyopo. Ni nzito mno: kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabarani) utasikia mikono inagongwa. Nunua mafuta ya foku mwenyewe, daraja linalotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, ukae naye akiyapima. Yasipopatikana kabisa, ATF, mafuta ya gia za gari la otomatiki, iko karibu zaidi na kinachotakiwa kuliko oili yoyote ya injini. Na kwa kuwa unaishi Kigamboni: chumvi na mchanga wa pwani vinajificha chini ya sili ya vumbi ya mbele, vinakwangua kromu, kisha mafuta yanaanza kuchuruzika. Osha kwa maji ya kawaida yasiyo ya presha kila ukitoka Kimbiji, futa mirija, na sili ikianza kulia machozi safisha kwa kipande chembamba cha plastiki kabla hujafikiria kununua mpya. Bisibisi isikaribie hapo.

Sasa bei. Jambo la kwanza, bei ya dola. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Waambie wakuandikie profoma (hati ya bei kabla ya malipo) kwa shilingi, na VAT ikiwa ndani. Hii si kwa ajili ya sheria tu. Bei ya dola inakuachia wewe mzigo wa kubadilika kwa fedha kati ya siku ya amana na siku ya kuchukua, na "bila VAT" ni njia ya kufanya bei ionekane ndogo. Dola 7,500 ukiongeza VAT ya kawaida ya asilimia 18 ni 8,850. Hiyo ndiyo bei waliyokupa, na bado hujagusa usajili wala bima.

Ili ujue kama ni ya haki, jenga bei mwenyewe kuanzia bandarini. Pikipiki iliyokamilika inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya CIF, yaani bei ya kununulia pamoja na usafiri na bima mpaka Dar, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Tuseme CIF ni milioni 10. Ushuru ni milioni 2.5, jumla 12.5. VAT ya 12.5 ni milioni 2.25. Umefika milioni 14.75, ongeza tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari na wakala wa kutoa mzigo. Muuzaji akikuambia "nusu ya bei ni kodi", muulize nusu ya bei ipi. Ni karibu nusu ya CIF, sawa. Lakini kwenye milioni 14.75, kodi hizo mbili ni milioni 4.75, chini kidogo ya theluthi. Tafuta bei ya rejareja ya modeli hiyo hiyo India inakotengenezwa, toa kodi za kwao, ongeza usafiri, pitisha kwenye hesabu hii, na utapata sakafu. Kinachobaki kati ya sakafu na bei ya yadi ni faida yao, spea zao, gereji yao na waranti.

Faida si dhambi, mradi upate kitu. Kabla ya kubishana, nenda kaunta ya spea ukaombe vitu vitano uone kwa macho: chujio la oili, waya wa klachi, levya ya breki, pedi za mbele, na tyubu ya inchi 21. Wakivitoa rafuni, yadi hiyo inastahili kulipwa zaidi kidogo kuliko mtu anayeleta pikipiki moja moja kwenye kontena. Wakikuambia "tunaagiza, wiki sita", basi unanunua kutoka kwa mletaji tu, na bei ishuke kama ya mletaji. Kariakoo utapata karibu kila kitu cha Boxer na TVS, lakini levya ya Himalayan usiitegemee kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani.

Punguzo la fedha taslimu kwa pikipiki mpya huwa dogo, na wauzaji hushikilia hapo kwa sababu mteja mwingine atasikia. Vitu ni rahisi zaidi kuvipata. Omba vyuma vya kulinda injini, bamba la chini, sevisi mbili za kwanza, vichujio vitatu vya oili, waya mmoja wa klachi wa akiba na tyubu mbili, vyote ndani ya bei. Na hapa unganisha na kile kipimo cha kuzama: kama kimeonyesha springi ya nyuma ni laini kwenu wawili, waagize springi hiyo kwenye mzigo wao ujao na waifunge wao. Kwao inaingia na kontena, kwako ingekuja na gharama ya kifurushi cha ndege.

Kagua tairi pia. Pembeni kuna namba nne ndani ya duara refu: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Pikipiki "mpya kabisa" yenye tairi za miaka mitatu imekaa ghalani miaka mitatu, betri imechoka, mafuta ya breki yamevuta unyevu, na mara nyingi ni modeli ya miaka ya nyuma. Hiyo ndiyo hoja ya punguzo ambayo hawawezi kuikwepa. Angalia kibati kwenye fremu, namba ya chesisi na ya injini, zifanane na karatasi.

Amana iingie akaunti ya benki yenye jina la kampuni, si simu ya muuzaji. Kwenye profoma pawepo jina la modeli, rangi, mwaka wa kutengenezwa, bei ya shilingi isiyobadilika, tarehe ya kukabidhi, orodha ya vitu mlivyokubaliana, na sentensi moja inayosema amana inarudi yote tarehe ikipita. Ukimaliza kulipa dai risiti ya EFD yenye jina na TIN yako. Pikipiki iondoke yadi ikiwa na namba ya MC na kadi ya TRA kwa jina lako, na bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kabla hujavuka kwa pantoni. Leseni yako itazame: kama ilitolewa kwa pikipiki ndogo za A1, cc 450 inahitaji daraja A.

Kwa upande wa dalali, kama bado roho inakuvuta, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini wa polisi uone deni, uone kadi halisi na kitambulisho cha mwenye jina, na mkataba wa mauziano upite kwa wakili, huyo mwenye jina kwenye kadi akiwa amekaa mbele yako. Dalali hasaini kwa niaba ya mtu.

Ukiichukua Himalayan, kilomita 500 za mwanzo zungusha ndani ya jiji na mpaka Bagamoyo, kisha gonga njiti za rimu moja moja kwa spana ndogo. Inayolia butu wakati wenzake wanalia kwa sauti kali imelegea, ikazwe kabla ya Mtae. Pima kuzama tena siku hiyo, kwa sababu springi mpya na sili zikishazoeana namba inaweza kusogea milimita chache, na prilodi uirekebishe kwa namba mpya.